Damu Tele, Nguvu Haba

Kila anayesikia kwamba ninaumwa ugonjwa wa damu huja na kitu cha kuongeza damu. Nimeletewa maini, nimeletewa rozela iliyochemshwa na kutiwa kwenye chupa ya chai, nimeletewa bitiruti, na wifi yangu alipanda gari kutoka Muheza na fungu la matembele, akanisimamia jikoni mpaka bakuli likaisha. Wote walikuja kwa mapenzi, na walikuwa na sababu, kwa kuwa hapa Tanga mtu anayelalamika kwamba amechoka, anasikia kizunguzungu na anahema akipanda ngazi, mara nyingi huwa amepungukiwa na damu kwa malaria, kwa uzazi, kwa minyoo au kwa selimundu. Ugonjwa wangu umekwenda upande wa pili. Uboho wangu, yaani kile kiini laini kilichomo ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa, unazalisha chembe nyekundu kupita kiasi na haujui kuacha, na pamoja na damu yote hiyo iliyojaa mishipani, nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka katika miaka 30 ya kufundisha shule ya msingi. Naandika juu ya uchovu huo kwa sababu damu yangu ilitibiwa muda mrefu kabla uchovu wangu haujatibiwa, na nimekuja kufahamu kwamba hizo ni kazi mbili.

Ugonjwa wenyewe unaitwa polisaithemia vera. Daktari Mfaransa Louis Henri Vaquez aliueleza mwaka 1892, William Osler akauandikia tena mwaka 1903, lakini chanzo chake kilibaki gizani mpaka mwaka 2005, pale makundi kadhaa ya watafiti yalipogundua karibu wakati mmoja kwamba zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi wana badiliko lilelile katika jeni iitwayo JAK2. Kwa kawaida badiliko hilo mtu hazaliwi nalo. Hutokea katika seli moja ya uboho, kisha seli hiyo ikazaa nyingine, na hizo zikazaa nyingine. Kazi ya jeni hiyo ni kupitisha amri ya kutengeneza damu, na kwa mtu kama mimi amri hupita usiku na mchana hata kama hakuna aliyeitoa. Madaktari huuhesabu ugonjwa huu miongoni mwa saratani za damu zinazokwenda polepole, na wengi wetu huishi nao miaka mingi. Hapo ndipo linapoanza suala la namna ya kuiishi miaka hiyo.

Nilianza kuumwa kichwa kila alasiri nikadhani ni miwani. Nyayo zikawa zinawaka moto usiku mpaka nikawa nalala miguu ikiwa juu ya sakafu ya saruji. Kila nikitoka kuoga, baada ya dakika chache mwili mzima ulinichoma kama niliyejipaka upupu, na ngozi haikuwa na kipele hata kimoja. Vitabu vinasema uso wa mgonjwa huwa mwekundu, jambo ambalo halimsaidii sana mtu mwenye ngozi kama yangu. Kwangu wekundu ulikuwa kwenye weupe wa macho, kwenye fizi na kwenye viganja, na binti yangu ndiye aliyeuona. Nilipokwenda kupima, himoglobini ilikuwa 18.9 na himatokriti, yaani sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu, ilikuwa asilimia 57. Mtaalamu wa maabara alidhani mashine imeharibika, akarudia. Jibu la pili lilipofanana na la kwanza aliniambia kwa furaha kwamba nina damu nzuri sana na kwamba ningefaa kuchangia wenzangu. Ilichukua miezi mingine mitano na hospitali ya tatu kabla daktari mmoja kijana hajaitazama karatasi ile, akanitazama macho, akanibonyeza chini ya mbavu za kushoto kutafuta bandama, kisha akaagiza sampuli yangu isafirishwe nje ya nchi kupimwa jeni.

Matibabu ya kwanza ni kutolewa damu. Marehemu bibi yangu alikuwa akiumika watu kwa chuku kule kijijini, na alipokuwa akiwaambia wagonjwa wake kwamba damu ikizidi humlemea mtu, sisi tuliosoma tulikuwa tukimtazama kwa huruma. Sasa mimi mwenyewe nalazwa kwenye kiti cha benki ya damu, nachomwa sindano nene, na mfuko wa mililita 450 unajaa pembeni yangu, kisha unatupwa, kwa sababu damu yangu hapewi mtu. Lengo ni kuishusha himatokriti chini ya asilimia 45. Kiwango hicho hakikuchaguliwa ovyo. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti uliofanywa Italia kwa wagonjwa 365, nusu yao wakidhibitiwa chini ya 45 na nusu wakiachwa kati ya 45 na 50. Waliofariki kwa ugonjwa wa moyo na mishipa au kupatwa na mgando mkubwa wa damu walikuwa asilimia 2.7 katika kundi la kwanza na asilimia 9.8 katika la pili. Huongezwa na aspirini ya kiwango kidogo kila siku, nayo ilithibitishwa katika utafiti mwingine wa Ulaya mwaka 2004. Sina neno juu ya tiba hizi. Damu nzito huziba mishipa, hupooza watu, huua, na bila mifuko ile pengine nisingekuwa hapa kuandika.

Mwaka wa kwanza nilitolewa mifuko minane. Kufikia mwezi wa sita himatokriti yangu ilikuwa 44, na nakumbuka vizuri namna nilivyopokelewa siku ile. Daktari, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu, aliniamkia, akaifungua karatasi, akasema, “Mwalimu, hongera, damu yako imekaa sawasawa.” Nilimshukuru. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje tangu saa moja asubuhi, na jina langu lilipoitwa nilikuwa nimelazimika kuegemea ukuta kwa mkono ili niweze kusimama, kisha nikahesabu hatua 11 mpaka mlangoni. Nilimwambia kwamba nachoka. Aliitazama tena karatasi, akasema kwamba uchovu ni jambo la kawaida katika umri wangu, hasa kwa walimu, na pengine nina mawazo. Simlaumu kwa ubaya wowote, maana foleni ilikuwa ndefu na karatasi ilikuwa imenyooka. Lakini nilitoka pale nikiwa nimeaibika, kana kwamba nimedai kitu kisicho haki yangu, na kwa karibu mwaka mzima sikulitaja tena jambo hilo kwa mtu yeyote.

Sehemu ya tatizo, nadhani, ni neno tulilonalo. “Nimechoka” ni neno la kila mtu. Husema hivyo aliyetoka shambani, aliyetoka kazini, na hata aliyechoshwa na maneno. Jibu lake ni “pole, pumzika”, na kweli mtu akilala huamka na nguvu zake. Uchovu ninaouzungumzia haumalizwi na usingizi. Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi, nalo ni kunyong’onyea, mwili kulegea kama jani lililong’olewa na kuachwa juani, na wazee wetu walikuwa na mavune, yale maumivu yanayoambatana na uchovu kwenye misuli na mifupa. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri baada ya kulala kwa muda wa saa nane, nakaa ukingoni mwa kitanda, na kazi ya kuvaa gauni ilikuwa mbele yangu kama kilima. Darasani nilianza kuandika ubaoni mistari mitatu tu kisha nampa chaki mwanafunzi. Siku moja nikifundisha sehemu katika hesabu, neno “asili”, yaani namba ya chini katika sehemu, lilinipotea kabisa mbele ya watoto 53, nikasimama nimeshika rula nikilitafuta, na mtoto mmoja wa mstari wa mbele akanitajia kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie. Nilikwenda ofisini nikalia.

Aliyenifungulia mlango ni daktari mwingine, bingwa wa magonjwa ya damu, niliyepelekwa kwake kwa sababu bandama ilikuwa imeanza kukua. Kabla hajagusa karatasi ya vipimo aliniuliza, “Mama, wiki hii iliyopita, uchovu wako ulipokuwa mkali kuliko siku zote, ungeupa alama ngapi kati ya 0 na 10?” Nilinyamaza. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema 9, akaandika 9. Aliniuliza mengine tisa kwa namna hiyohiyo: kuweka akili mahali pamoja, kushiba haraka, kushindwa kujishughulisha, jasho la usiku, mwasho, maumivu ya mifupa, maumivu ya tumbo, kupungua uzito na homa. Jumla hutoka kwenye 100. Fomu hiyo imetengenezwa mahususi kwa magonjwa ya kundi letu na hutumika katika tafiti duniani tangu mwaka 2012. Jumla yangu siku ile ilikuwa 52: uchovu 9, mwasho 9, kushindwa kujishughulisha 8, akili 7, jasho 6, kushiba haraka 5, mifupa 4, tumbo 4, na sifuri mbili.

Kisha akaniambia jambo ambalo ningelitaka kila mgonjwa wa aina yangu aambiwe siku ya kwanza. Mwaka 2007 daktari Ruben Mesa na wenzake huko Marekani walichapisha majibu ya wagonjwa 1,179 wa magonjwa haya waliojaza maswali kwa njia ya intaneti, na takribani asilimia 81 kati yao walitaja uchovu, ukiwa juu ya mwasho, jasho la usiku na maumivu ya mifupa. Nilikaa na namba hiyo moyoni siku nyingi. Watu wanane katika kila kumi, katika nchi ambazo sitazifika, wenye kazi na umri tofauti, walikuwa wakiamka na kilima kilekile. Sikuwa mvivu, wala hayakuwa mawazo.

Nilinunua daftari la mraba, lile la hesabu, nikachora safu kumi, na kila Ijumaa jioni nikawa najaza. Kwa mwalimu hiyo ni kazi nyepesi. Faida yake ilikuwa kwamba niliacha kwenda kliniki na neno “nachoka” mkononi. Nilikwenda na namba za wiki 12, zikapanda na kushuka mbele ya macho ya daktari, na tukaanza kutafuta zinapanda kwa sababu gani.

Sababu hazikuwa moja. Kwanza ni ugonjwa wenyewe: seli zile zilizobadilika hufanya mwili umwage kemikali za uchochezi, ziitwazo saitokini, ambazo ni zilezile zinazomfanya mtu mwenye homa kali ajikunje kitandani hata kabla hajatumia nguvu yoyote. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na himatokriti safi na bado mwili wake ukawa kama wa mtu mwenye homa isiyo na joto. Pili ni usingizi, ambao kwangu ulikatwa vipande na jasho, kubadili shuka na kujikuna. Tatu ilikuwa ni tiba yenyewe, na hili ndilo nililolielewa kwa kuchelewa.

Katika mwaka ule wa pili nilianza kutamani udongo. Mimi mwenye wajukuu wawili nilikuwa nakwenda Ngamiani sokoni kununua ule udongo wa kula wanaouita pemba, vipande vya kahawia vilivyopangwa kwenye sinia, navitia kwenye mkoba na kuvimumunya nikisahihisha madaftari. Nilipenda ile harufu ya mvua ya kwanza inayopanda puani udongo ukilowa mdomoni. Muuzaji aliniuliza kwa upole kama kuna binti mjamzito nyumbani, nikamjibu kwamba yupo. Usiku miguu haikutulia, ilitaka kutembea wakati mimi nataka kulala, na kucha zikawa zinakatika. Sikumwambia daktari habari ya udongo kwa sababu nilidhani ni aibu yangu binafsi. Aliyeitoboa siri ni binti yangu aliyenisindikiza, na daktari alipolisikia aliweka kalamu chini, akasema, “Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.”

Hamu ya udongo ni dalili ya kupungukiwa na madini ya chuma, na hesabu yake ni hii. Mfuko mmoja wa damu hubeba miligramu 200 na zaidi za madini ya chuma. Mwili hupata kutoka kwenye chakula miligramu 1 au 2 tu kwa siku, na chuma chote cha mtu mzima ni kama gramu 3 hadi 4. Mifuko minane katika mwaka ilikuwa imenikausha. Ferritini, kipimo cha akiba ya chuma, ilikuwa 5, na Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 15 kuwa upungufu kwa mtu mzima. Kwa upande wa damu, ukaukaji huo ni sehemu ya tiba, kwa sababu uboho usio na chuma hauwezi kutengeneza chembe nyekundu kwa kasi yake. Lakini chuma hakitumiki kwenye damu peke yake. Misuli inakihitaji, ubongo unakihitaji, kila seli hukitumia katika kugeuza chakula kuwa nguvu. Tulikuwa tumeufunga uboho njaa, na mwili mzima ukafunga nao.

Na hapa ndipo maini na matembele ya ndugu zangu yanapoingia, kwa namna ambayo wao hawakuijua. Mgonjwa wa kawaida mwenye ferritini ya 5 angepewa vidonge vya chuma siku hiyohiyo. Mimi nikipewa bila uangalizi, uboho hukinyakua chote, himatokriti hupanda kwa wiki chache, na narudi kwenye kiti cha benki ya damu kukitoa tena. Tafadhali, anayesoma hapa akiwa na ugonjwa huu asijinunulie vidonge vya chuma dukani kwa kuwa ameona dalili zangu kwake. Aende na dalili hizo kwa daktari.

Njia iliyokuwepo ilikuwa kuutuliza uboho wenyewe kwa dawa, ili haja ya kutoa damu ipungue na chuma kipate kurudi polepole kwa chakula. Kwa nini haikufanyika mapema? Kwa sababu nilikuwa kwenye kundi liitwalo la hatari ndogo, yaani mwenye umri chini ya miaka 60 ambaye damu yake haijawahi kuganda, na kundi hilo huanza kwa kutolewa damu na aspirini tu. Naelewa hoja yake. Ila hatari inayopimwa pale ni ya mgando na kifo, na mtu anaweza kuwa na hatari ndogo ya kufa na wakati huohuo akashindwa kuvaa gauni. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2021 inakubali kwamba dalili nzito zinazoendelea, au mwili kushindwa kuvumilia kutolewa damu, ni sababu tosha ya kumfikiria mgonjwa wa kundi hili kwa dawa. Daktari wangu aliniambia wazi kwamba daftari la mraba lilimsaidia kuandika sababu hiyo kwenye faili.

Dawa niliyoanzishiwa ni haidroksiurea, na kwetu tunaipata kwa ajili ya watu wengine. Kwenye korido ya kliniki ya damu nakaa na akina mama waliopakata watoto wenye selimundu, na dirishani tunapewa kidonge kilekile. Wao ili chembe za watoto wao zisijikunje, mimi ili zangu zisizaliane. Mama mmoja aliniuliza mtoto wangu yuko wapi. Nilipomweleza kwamba mgonjwa ni mimi, na kwamba nina damu nyingi mno, alimtazama mwanawe, akanitazama, akasema, “Mungu angewachanganya.” Sijasahau maneno yale. Siku nyingine dirishani tunaambiwa dawa imekwisha na tunaenda kuitafuta mjini kwa fedha zetu, mimi nikiwa na mshahara na yeye akiwa na genge la mboga. Dawa hii ina masharti: damu hupimwa mara kwa mara kwa kuwa hushusha pia chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu, na mwezi wa pili nilipata vidonda vya mdomoni mpaka kiwango kikapunguzwa.

Zipo dawa nyingine. Interferoni ya sindano huulenga ugonjwa wenyewe na kwa baadhi ya watu hupunguza seli zenye badiliko la jeni, ila inaweza nayo kuleta uchovu na huzuni nzito, hivyo mgonjwa wa uchovu lazima aulizwe kabla ya kupewa. Ruksolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa ndugu mkali wa ugonjwa huu na mwaka 2014 kwa polisaithemia vera iliyoshindwa kutulizwa na haidroksiurea, huzuia moja kwa moja ile amri ya JAK2, na imesifiwa hasa kwa kupunguza mwasho, jasho na bandama. Bei yake haifikiki kwangu wala kwa mtu ninayemfahamu, lakini nimeitaja kwa sababu mgonjwa ana haki ya kujua kilichopo.

Maji yana sura yake. Pwani mtu huoga mara mbili au tatu kwa siku na Mwislamu hutawadha mara tano, na kwa aliye na mwasho huu kila tone lina gharama. Nilifika mahali nikawa naahirisha kuoga, na kuahirisha kuoga katika joto la Tanga ni kujitenga na watu. Kilichonisaidia ni maji yasiyo moto wala baridi sana, kujikausha kwa kubandika kanga mwilini badala ya kusugua, kupaka mafuta kabla ngozi haijakauka, na dawa ya mzio usiku. Nilimwendea shehe wa mtaani kwetu na suala la udhu, akanikumbusha kwamba aliyedhuriwa na maji ameruhusiwa kutayamamu, na siku mbaya nafanya hivyo kwa moyo mtulivu. Ramadhani ni zito zaidi. Kukaa bila maji tangu alfajiri hadi magharibi hufanya damu yangu iwe nzito zaidi, kwa hiyo nimekatazwa kufunga, na natoa fidia ya kulisha masikini kwa kila siku. Nilikuwa nafunga tangu nina miaka tisa. Sasa jioni napika futari ya wote, nakaa mkekani nao, na adhana inapoadhiniwa nashika tende kama wao. Katika fomu ile ya maswali kumi hakuna mahali pa kuandika jambo kama hili.

Kuhusu kutembea nitasema kwa ufupi, ingawa ni tiba ambayo tafiti nyingi za uchovu wa saratani zinaiunga mkono. Kwa mwaka mzima nilikuwa napumzika kadiri nilivyoweza na nilizidi kunyong’onyea. Nilianza kwa dakika 10 asubuhi, kabla jua halijachoma, na niliziongeza kwa dakika mbili kila wiki hata siku ambazo sikutaka, isipokuwa siku ya kutolewa damu na inayofuata. Sasa naenda Raskazone na kurudi bila kukaa njiani. Mwalimu Mkuu, nilipompelekea barua ya daktari, alinihamishia vipindi vyangu vyote kabla ya saa sita, na mwenzangu mmoja amechukua zamu yangu ya mchana bila kuniuliza nitaurudisha lini wema wake. Nafuu hiyo inalingana na ya kidonge, na nimeiona kwenye daftari.

Daktari alinipima pia huzuni, na nashauri mtu asikatae kuulizwa hilo, kwa kuwa huzuni huja kweli kwa wengi wetu na ina tiba yake. Kwangu alikuta kidogo. Jambo nililomweleza ni kwamba hamu ya kufanya mambo haijawahi kuniacha. Nilitaka kwenda harusini, nilitaka kulima bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, na nilichokosa ni mwili wa kunipeleka.

Mwaka huu nimetolewa mifuko miwili tu. Ijumaa iliyopita nilijaza daftari: uchovu 4, mwasho 5, jasho 2, akili 3, jumla yote 21. Udongo nimeacha, au niseme hamu yake imeniacha, maana sikupigana nayo. Ferritini imepanda mpaka 11, bado ni ndogo, na himatokriti ni 43. Mwezi ujao tutakaa na daktari kuamua kama naweza kujaribu chuma kidogo kwa wiki chache huku damu ikipimwa kila baada ya siku 14, au tusubiri. Nimeshachora safu mpya ya kumi na moja kwenye daftari kwa ajili ya himatokriti, ili safari hii namba ya maabara na zile zangu zisomwe kwenye mstari mmoja. Wifi naye amepiga simu kuuliza kama sasa anaruhusiwa kuleta matembele. Nimemwambia alete, ila maini asubiri jibu la daktari.